Viluwiluwi Waliofufuka Jumatatu

Mhariri aliniomba nieleze jinsi mwanafunzi wa shahada ya kwanza ya baiolojia anavyoweza kujiingiza katika utafiti wa maabara. Nadhani alitarajia nijipigie debe kidogo. Badala yake nitasimulia habari ya Jumapili moja ya mwaka 2022, habari ambayo hata mama yangu hajaisikia, na sasa ataisomea humu.

Nilipokuwa hapa shuleni, maabara ilikuwa mahali pa kufuata maagizo. Tulipewa wanga, tukadondosha ayodini, rangi ikageuka buluu iliyokolea hadi weusi, tukaandika jibu ambalo mwalimu alilijua tangu enzi na dahari. Na rangi ikikataa kugeuka? Si tuliandika tu kwamba imegeuka! Usinicheke, msomaji, nawe umefanya hivyo. Jibu lilikuwa kitabuni, sasa tuteseke kwa nini?

Nilipoingia chuo kikuu nilikuwa nimekwisha kusoma kitabu cha Profesa Wangari Maathai kiitwacho Unbowed, kilichotoka mwaka 2006. Humo anaeleza jinsi alivyokuwa akitoka kwenda mashambani kukusanya kupe kwa ajili ya utafiti wa ugonjwa wa ng'ombe, na akiwa huko akaona mito imejaa udongo na ng'ombe wamekonda. Mambo ya miti yalimwanzia hapo, kwenye kupe. Nami nikajiambia, potelea mbali, nitatafuta kupe wangu.

Mwaka wa pili nikabisha milango mitatu. Mhadhiri wa kwanza aliniambia nirudi nikifika mwaka wa nne. Wa pili hakuwepo, na wiki iliyofuata hakuwepo vilevile. Wa tatu alinitazama juu ya miwani yake akaniuliza swali moja tu.

"Unajua kuosha vyombo?"

"Najua, Daktari."

"Basi njoo Jumatatu saa mbili asubuhi. Pesa hakuna."

Ndivyo nilivyoingia katika utafiti, kwa mlango wa jikoni. Maabara yenyewe sitaitaja. Ilishughulika na mbu aina ya Anofelesi, wale wanaoeneza malaria. Mwezi mzima nilikuwa nikiosha bilauri, trei na vikombe. Kila chombo kilisuuzwa mara tatu kwa maji ya mfereji, kisha mara nyingine kwa maji yaliyoondolewa chumvi. Nilinung'unika kimoyomoyo. Yaani nilifaulu mtihani wa kidato cha nne nije kuwa mboi wa mbu?

Aliyenitoa ujinga huo ni dada mmoja aliyekuwa akifanya shahada ya uzamifu, mzaliwa wa Kilifi. Siku moja aliniita kwenye meza yake.

"Njoo mdogo wangu, nikuonyeshe kitu." Alikuwa na kikombe chenye viluwiluwi kama kumi hivi, wamejilaza juu ya maji kama vijiti. Kiluwiluwi wa Anofelesi hana mrija wa kupumulia kama wa mbu wengine. Hulala sambamba na uso wa maji na kupumua kwa vitundu vilivyo karibu na mkia. Dada akadondosha tone moja la sabuni. Lo! Uso wa maji ulilegea, wale viluwiluwi wakashindwa kujishikilia, wakaanza kuzama mmoja baada ya mwingine huku wakijipindapinda.

"Ukiacha sabuni ndani ya chombo, watakufa, nami nitasema wameuawa na dawa yangu. Umeona kazi yako?"

Tangu siku hiyo sikununa tena.

Dawa yake ilikuwa mwarobaini, ule mti uliojaa kwao pwani ambao watu husema unatibu maradhi arobaini. Mbu wengi wameanza kustahimili dawa zinazotiwa kwenye vyandarua, kwa hiyo watafiti wanatafuta njia nyingine, na mojawapo ni kumwahi mbu akiwa bado majini. Kiluwiluwi huvua ngozi mara tatu akikua, na mara ya nne anageuka kuwa pupa. Kemikali iliyomo katika mbegu za mwarobaini, azadiraktini, huvuruga mpango huo. Mdudu anakwama katikati ya kujivua, anabaki hapo siku mbili tatu, anakufa. Kwa kuwa hafi papo hapo, ni lazima umhesabu kila siku. Kila siku, msomaji, pamoja na sikukuu.

Tulikuwa na vikombe 20. Vikombe 16 vilikuwa na mwarobaini wa viwango vinne tofauti, na vinne vilikuwa na maji matupu, ili tujue ni wangapi wanaokufa kwa amri ya Mungu tu, bila dawa. (Hata hao wana hesabu yao, kanuni aliyoitoa bwana mmoja Mmarekani, Abbott, mwaka 1925.) Kila kikombe kilikuwa na viluwiluwi 25, jumla 500. Maji yalitakiwa yawe nyuzi 27. Chakula chao, samaki aliyesagwa laini, kilikuwa kiasi cha kubana kwa ncha za vidole, maana ukizidisha maji yanachacha nao wanakufa kwa ukarimu wako. Dada alihesabu siku za kazi, mimi nikapewa Jumamosi na Jumapili. Nilijiona nimeupata ufalme.

Sasa Jumapili hiyo. Shangazi yangu wa Kitengela alikuwa na sherehe, na binamu zangu walikuwa wamenipigia simu juma zima. Nikapanga nitoke mapema, nirudi saa kumi, nihesabu. Kulikuwa na pilau, kulikuwa na muziki, na barabara ya Mombasa jioni ni wewe na Mola wako. Niliposhuka matatu ilikuwa saa tatu usiku na maabara ilikuwa imefungwa kitambo.

Jumatatu alfajiri niliingia kabla ya watu. Safu ya Jumapili ilikuwa tupu kwenye daftari, visanduku 20 vikinitumbulia macho. Kuhesabu vikombe vyote kulichukua saa nzima na ushei, na saa mbili nilikuwa na mhadhara. Hata hivyo ukweli ni kwamba, hata kama ningekuwa na muda, namba hizo zingekuwa za Jumatatu. Jumapili ilikuwa imekwenda. Nikatazama za Jumamosi, nikapunguza mbili hapa, nne pale, kama mtu anayejua mambo. Kikombe cha tisa kilikuwa na hai 15 Jumamosi, nikaandika 11. Jibu si lilikuwa linajulikana? Mwarobaini unaua. Nikaandika kwa kalamu ya wino, nikatia sahihi.

Saa saba mchana Dada alinitumia ujumbe: njoo.

Nilimkuta ameketi mbele ya daftari, hajakunja uso wala nini. Angenigombeza ningefurahi.

"Kikombe cha tisa, jana umeandika hai kumi na mmoja."

"Ndiyo, Dada."

"Leo n'nao kumi na wanne. Nimehesabu mara tatu."

Nilifyata ulimi. Nilisikia feni ya chumba cha mbu ikizunguka.

"Hao watatu wamefufuka?"

Nikamwambia yote, pilau na matatu na yote. Alinyamaza kwa muda mrefu, kisha akasema jambo ambalo lilinichoma kuliko matusi. "Kama Jumapili ni ya uwongo, Jumamosi n'taijuaje?" Jumamosi nilikuwa nimehesabu kwa uaminifu, naapa. Lakini ningemwonyesha nini? Sahihi ilikuwa ileile, kalamu ileile.

Hakwenda kunisemea. Aliniambia niende mwenyewe kwa Daktari, naye angesubiri nje. Daktari alinisikiliza, akauliza kama kuna siku nyingine, nikasema hakuna, akasema, "Hilo hatuwezi kulijua sasa." Duru nzima ikafutwa. Daftari la maabara halifutwi kwa kifutio. Nilichora mstari mmoja juu ya kila namba niliyoitunga, ili zisomeke bado, nikaandika pembeni "haikuhesabiwa", tarehe na jina. Kisha nikarudishwa kwenye sinki.

Kilichoniuma zaidi si sinki. Ilibidi Dada aanze upya kwenye mayai, asubiri yaanguliwe, alee viluwiluwi hadi wafike umri unaotakiwa, ndipo avipange vikombe 20 tena. Karibu majuma matatu yalipotea, na alikuwa amepanga kwenda kwao kumwona mtoto wake, ambaye alikuwa akilelewa na bibi. Hakwenda. Hakunitajia, nililisikia kutoka kwa mzee aliyetunza stoo.

Sikufukuzwa. Sijui kwa nini, na sikuthubutu kuuliza. Nilianza kufika saa kumi na mbili unusu asubuhi, nikiosha hata visivyo vyangu. Duru ya pili ilipoanza, Dada alisukuma daftari mbele yangu Jumamosi bila kusema neno. Wikendi hiyo nilihesabu kila kikombe mara mbili, kwa taa, jasho likinitoka utadhani napasua kuni. Wikendi ya pili, siku ya nane ya duru, niliamka na homa kali. (Nilipimwa. Haikuwa malaria, ingawa kila mtu alicheka.) Nilimpigia Dada simu, naye safari hii alikuwa Kilifi kwa mwanawe.

"Basi hakuna aliyehesabu," alisema. "Andika hivyo. Pona."

Tasnifu yake imo maktabani sasa. Kwenye jedwali la duru hiyo, siku ya nane, pana vistari 20 mahali pa namba. Jina langu nalo limo katika ukurasa wa shukrani, ila limekosewa herufi moja. Sijamwambia.