Wakanda: Nchi Isiyo Kwenye Ramani

Usipoteze nauli kuitafuta Wakanda. Ni nchi ya kubuniwa. Lakini ukiitazama filamu ya Black Panther ya mwaka 2018, utawaona watu unaowajua. Walinzi wa mpaka wamejitanda mablanketi ya Wasotho. Wachimba madini wamejipaka udongo mwekundu kama Wahimba wa Namibia. Wanawake wanaomlinda mfalme wana wekundu na shanga za kukumbusha Wamaasai wetu. Lupita Nyong'o, Mkenya mwenzetu, ni wa kabila la mtoni, wavaao kijani.

Mwanao akikuuliza hao ni kina nani, usimjibu, "Ni sinema tu." Mwambie Wasotho na Wahimba wapo. Kisha umsimulie habari za kabila lake mwenyewe. Huenda ya Wakanda anayajua zaidi.