Kikohozi cha Injini

Kila likizo mimi hutafuta karo kwa kukata nyasi za ua mmoja kijijini kwetu. Mwaka wa pili chuoni, nilirejea nikaikuta mashine ina kikohozi: inanguruma, inafifia, inanguruma tena. Nilimlaumu aliyeiuza. Nikabadilisha plagi, nikasafisha chujio la hewa, nikavuta kamba hadi kiganja kikachubuka. Ujira wa siku mbili uliishia dukani.

Mzee mmoja, fundi wa zamani wa pampu za maji, alisikiliza kimya, kisha akafunga choki nusu. Injini ikatulia. “Mwanangu,” akasema, “ukiipunguzia hewa ikapona, basi ina njaa ya petroli. Plagi haina kosa.” Tukafungua kabureta. Petroli iliyolala humo tangu likizo iliyotangulia ilikuwa imefanya utando, ikaziba kitundu chembamba kama sindano. Aliyeiacha humo ni mimi. Kweli, nyani haoni kundule.

Wanafunzi wenzangu, nasi tunapohakiki hubadilisha nadharia kama plagi kabla ya kuisikiliza matini inavyokohoa. Siku hizi nasikiliza kwanza. Na likizo ikiisha, tangi naliacha tupu.