Usiongeze Ngoma: Barua kwa Mpwa Wangu Mpiga Gitaa

Mpwa wangu mpendwa,

Hapa nyumbani mvua za alasiri zimeshika, mahindi yamefika kiunoni, na nyanya yako amepata nafuu ya goti; anakuulizia kila jioni. Barua yako ilinifikia salama, na habari kwamba umepewa jioni nzima katika ule ukumbi mdogo wa Nairobi imenipa furaha ambayo sijui niieleze vipi. Viti 80, jukwaa la kimo cha ngazi moja, hata aliyeketi safu ya nyuma anaviona vidole vyako. Hapo ndipo nilipotamani kukuona tangu ulipolishika gitaa la marehemu babu yako kwa mara ya kwanza.

Kilichonifanya nichukue kalamu usiku huu huu ni maneno yako ya mwisho. Unasema unatafuta mpiga ngoma, mpiga besi na mtu wa kinanda, kwa kuwa unaogopa watu watachoka kusikiliza gitaa kavu peke yake kwa saa moja na nusu. Mpwa wangu, nakuomba usiwatafute. Sina ugomvi na bendi. Ujana wangu niliumaliza katika benga na rumba, na siujutii. Lakini nyimbo ulizozichagua zilitungwa na watu waliojua kwamba hakuna mwingine atakayewasaidia, kwa hiyo kila kitu walikiweka ndani. Ukiongeza ngoma juu ya nyimbo hizo, utafunika hasa kile ambacho watu wamelipa kuja kukisikia.

Tuanze na Jean Bosco Mwenda, maana najua utafungua na wimbo wake. Mwaka 1952, Hugh Tracey, yule mtafiti aliyekuwa akizunguka Afrika na mashine zake za kurekodi, alimkuta Jadotville katika Katanga, mji ambao leo unaitwa Likasi. Mwenda alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Tracey akamrekodi, na kati ya nyimbo hizo ukatoka Masanga, uliozunguka kwenye santuri hadi huku kwetu. Kaa chini uusikilize tena bila kufanya kazi nyingine yoyote. Kidole gumba kinatembea kwenye nyuzi nene, kinashika mwendo na hakiyumbi. Kidole cha shahada kinaimba juu, mara kinakwenda sawa na gumba, mara kinalikwepa na kuingia kati ya mapigo yake. Vidole viwili tu vya mkono mmoja, na bado unasikia besi, unasikia ngoma, unasikia sauti ya pili inayomjibu mwimbaji. Huyo mpiga besi unayemtafuta Nairobi yumo tayari katika gumba lako. Ukimleta mwingine, watagongana.

Na usidhani Mwenda aliishia vibarazani kwa kukosa nafasi. Alikuja Nairobi mwishoni mwa miaka ya 1950, akasikika redioni na katika matangazo ya dawa ya Aspro, na vijana wa Kenya nzima wakaanza kumwiga. Mwaka 1969 alialikwa kwenye tamasha la Newport kule Marekani. Binamu yake Edouard Masengo naye alifika Nairobi na kufanya kazi hapa. Walikuja na gitaa na Kiswahili chao cha Katanga, na hayo yalitosha.

Huku kwetu magharibi mwa Kenya magitaa yalikuwa yamekwisha kuanza kuingia, mengine yakiletwa na askari waliorudi kutoka Vita Vikuu vya Pili, mengine na watu wa mashamba na reli. George Mukabi wa Kisa ndiye aliyelifanya gitaa liseme kama sisi. Mtindo wake, omutibo, una vidole viwili kama ule wa Katanga, lakini mwendo wake ni wa mguu unaotembea njia ya udongo, mwepesi na wenye haraka kidogo. Alifariki mwaka 1963, bado kijana. Mwaka 2017 nyimbo zake zilikusanywa na kutolewa upya katika santuri yenye jina Furaha Wenye Gita, na watu ambao hawajawahi kukanyaga Kakamega wakazinunua. Mwanawe Johnstone aliendelea kuupiga mtindo huo huo. Nakutajia haya yote ili ujue unasimama mahali ambapo watu walisimama kabla yako, na kwamba hakuna hata mmoja wao aliyehitaji kinanda.

Sasa nije kwenye chupa, maana barua yako haikuitaja kabisa, na hilo limenisumbua kuliko hata habari ya ngoma.

Omutibo bila chupa ni nusu ya omutibo. Ile chupa ya Fanta ya zamani, ya kioo, yenye mikunjo ya mviringo shingoni hadi mwilini, haikuchaguliwa kwa bahati. Mpigaji anaishika kwa mkono mmoja na kuigonga kwa chuma chembamba, halafu anakikwaruza chuma hicho kwenye mikunjo ili sauti itoke kwa mfululizo. Kugonga kunaweka pigo; kukwaruza kunajaza nafasi kati ya pigo na pigo. Ukiishika karibu na mdomo wake inalia wazi. Ukiikumbatia kwa kiganja inazimika. Mpigaji stadi anafanya yote hayo bila kukutazama, huku sikio lake liko kwenye gumba lako. Abana ba Nasery wa Bunyore waliufanya mchezo huo uonekane rahisi: Shem Tube na Justo Osala kwenye magitaa, Enos Okola kwenye chupa, sauti tatu zikiitikiana. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 walikwenda Uingereza kupiga na kurekodi, na chupa ikasafiri nao. Katika uwanja mkubwa chupa haisikiki, au ikipitishwa kwenye spika kubwa inageuka kelele ya kuumiza meno. Katika chumba cha watu 80 inasikika jinsi ilivyo. Ndiyo maana nasema ukumbi wako ndio mkubwa wa kutosha.

Na hapa nataka unielewe vizuri, kwa sababu nimeona katika barua yako kwamba ukumbi huo unauhesabu kama ngazi ya kupandia kwenda kwenye kumbi kubwa. Muziki huu ulizaliwa vyumbani: katika nyumba ya mabati, kwenye veranda ya duka, mkesha wa matanga baada ya ngoma za isukuti kunyamaza na watu wazima kuketi karibu na moto. Isukuti ni ya nje, ya uwanjani, ya kubeba kijiji kizima. Gitaa kavu ni la watu wanaoweza kutazamana usoni. Mukabi alitunga maneno yake kwa masikio ya jirani anayemfahamu, ndiyo maana yana majina, mafumbo na maonyo ya nyumba kwa nyumba. Ukiwa na watu 80 unaweza kutamka neno kwa sauti ya chini na likafika. Mbele ya watu 5,000 huwezi.

Siku ya onyesho ufike mapema ukakisikie chumba. Kikiwa kitupu kitakudanganya: kuta tupu na sakafu tupu zinarudisha sauti, na gitaa litang'aa kupita kiasi. Watu wakiingia, miili na nguo zao zitameza zile sauti nyembamba za juu, na gitaa litaonekana limezimika. Usiogope, na usimwambie fundi wa mitambo aongeze tu. Mwombe kipaza sauti kimoja mbele ya gitaa, kama shubiri moja kutoka pale shingo inapokutana na mwili wake, kisielekezwe moja kwa moja kwenye tundu, maana hapo hutoka mvumo mzito unaoziba kila kitu. Kile kinasa sauti kilichofungwa ndani ya gitaa lako kiwe cha akiba tu. Kinatoa sauti ya plastiki, na wewe mwenyewe umewahi kuniambia hukipendi. Nyuzi mpya zifunge siku mbili kabla, zinyooke. Joto la watu litazilegeza kidogo au kuzikaza, kwa hiyo tenga muda wa kuzipatanisha kati ya nyimbo, na muda huo ndio utumie kusema.

Utasema nini? Taja ni nani aliyetunga wimbo, alitoka wapi, na wewe uliupata kwa nani. Kwa ufupi, sentensi tatu au nne. Vijana wengi wa Nairobi wanaijua rumba ya Franco na benga ya D. O. Misiani, lakini ukiwauliza Mukabi ni nani watakutazama tu. Usiwalaumu, waambie. Ukiimba kwa Kinyore au Kikisa, eleza kisa kwanza ili wanaocheka wacheke mahali pake.

Umeniuliza kama watu watanyamaza. Wengine hawatanyamaza, na hilo si kosa la gitaa lako. Kuna mkahawa mmoja mdogo unaoitwa Caffè Lena, katika mji wa Saratoga Springs, jimbo la New York, uliofunguliwa mwaka 1960 na Lena Spencer na mumewe Bill. Hadi leo bado unaendelea, na viti vyake ni kama 110 tu. Bob Dylan alipiga hapo mwaka 1961 kabla dunia haijamjua, na inasimuliwa kwamba watu walipiga soga wakati akiimba hadi Bill Spencer akapanda jukwaani kuwakemea. Ukumbi huo umedumu kwa sababu wenyewe waliamua kwamba wakati wa wimbo watu wanasikiliza. Kwa hiyo zungumza na mwenye ukumbi wako mapema. Mwombe vyakula na vinywaji viuzwe kabla ya kuanza na wakati wa mapumziko, na mashine ya kahawa inyamaze ukiwa jukwaani. Akikubali, nusu ya kazi yako imekwisha. Akikataa, anza na wimbo wa taratibu kuliko wote ulio nao. Ukianza kwa nguvu ili kuwashinda, nao watapandisha sauti zao.

Nilitaka pia nikukumbushe mwanamuziki Ayub Ogada, aliyetutoka mwaka 2019. Alipokuwa London alipiga nyatiti katika vituo vya treni za chini ya ardhi, watu wakipita mbio na mikoba yao. Nyuzi nane, mtu mmoja ameketi chini, njuga mguuni, pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu ikigonga ubao wa chombo chenyewe. Angalia, hapo pia mpiga ngoma yumo ndani ya mpiga nyuzi. Waliosimama wakamsikiliza ndio waliomfikisha kwenye albamu ya En Mana Kuoyo ya mwaka 1993, na wimbo wake Kothbiro ukaja kutumika katika filamu ya The Constant Gardener mwaka 2005. Hakuupandisha sauti wimbo huo ili asikike. Ukiusikiliza utaona kwamba kuna mahali anaacha nyuzi zilie zenyewe na yeye hasemi kitu, na hapo ndipo msikilizaji anaposogea mbele kwenye kiti. Jifunze kuacha nafasi kama ile. Wewe, nikuambie kwa upendo, unajaza sana. Vidole vyako ni vyepesi, na kwa kuwa ni vyepesi unavitumia kila wakati. Katika chumba kidogo kila noti inahesabiwa na wasikilizaji. Punguza moja kati ya tatu uone wimbo utakavyopumua.

Kuhusu fedha sina mengi. Mgao wa kiingilio uandikwe kwenye karatasi kabla ya siku yenyewe, na utiwe saini na pande zote mbili. Fedha uliyotaka kuwalipa wale watatu mpe mpiga chupa mmoja mzuri, umlipe vizuri, kama mwanamuziki na si kama msaidizi. Zitakazobaki nunua nyuzi. Watu wakiinuka kukutunza, kama desturi yetu, wapokee kwa heshima na usisimamishe wimbo. Uache mkebe au kikapu pembeni ya jukwaa ili mikono yako ibaki kazini.

Mama yako na mimi tutapanda basi la asubuhi, tutafika kabla ya saa kumi. Tuwekee viti viwili pembeni, si mbele kabisa, maana mama yako akikuona karibu sana atalia na wewe utakosea maneno. Na unijibu upesi kuhusu chupa. Ukikosa mpigaji huko Nairobi, hapa kijijini yupo mzee anayeijua kazi hiyo tangu ujana wake, nimekwisha kuzungumza naye, na yuko tayari kusafiri. Nauli yake nitalipa mimi.

Ni mimi mjomba wako akupendaye.