Mbuzi Kwenye Gunia

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa rahisi huvunja upishi. Kauli hiyo ilimjia kijana mmoja, mwanafunzi wa Kiswahili, aliposimama katika duka dogo la vifaa vya umeme, barabara ya Luthuli, Nairobi. Mfukoni alikuwa na noti ya shilingi 1,000 aliyopewa na kaka yake, dereva wa matatu. Kaka huyo alikuwa ameacha sigara za kawaida baada ya miaka mingi na kuhamia ya kielektroniki. Moshi uligeuka mvuke, ila nikotini haikumwacha. Sasa betri ya kifaa chake ilikuwa imechoka. "Ninunulie nyingine," alimwagiza nduguye. "Chenji ni yako."

Muuzaji aliweka betri mbili mezani, zote za umbo la 18650, yaani upana wa milimita 18 na urefu wa milimita 65. Ya kwanza ilikuwa na ganda jekundu la kumeremeta lililoandikwa mAh 9900. Bei yake shilingi 250. Ya pili ilikuwa na ganda la kijani lililofifia, lililoandikwa mAh 3000 na ampea 20. Bei yake shilingi 900.

"Kijana, chukua hii nyekundu. Ndiyo yenye nguvu," muuzaji alimshauri.

Waama, shilingi 750 si haba kwa mwanafunzi. Mkono uliiendea ile nyekundu, ukaihisi nyepesi mno, ilhali betri halisi ya umbo lile huwa na uzito wa gramu 45 hivi. Usiku uliotangulia alikuwa amejisomea kwamba hata zilizo bora aghalabu hazizidi mAh 3600. Hiyo 9900 ilitoka wapi? Aidha, nambari hiyo hueleza kiasi cha umeme uliohifadhiwa tu. Haielezi mkondo ambao betri inaweza kuutoa bila kupata joto la hatari.

Kifaa cha kaka yake hakikuwa na kidhibiti. Betri iliunganishwa moja kwa moja na koili yenye ukinzani wa omu 0.3. Betri iliyojaa hufikia volti 4.2. Akagawanya 4.2 kwa 0.3, akapata ampea 14. Ile ya kijani ingeuhimili mzigo huo. Nyekundu haikutaja ampea hata moja. Betri ya lithiamu ikizidiwa huweza kutoa gesi ya moto, hata kulipuka. Mwaka 2018, katika jimbo la Florida, Marekani, mtu mmoja alifariki baada ya kifaa kama hicho kumlipukia. Kijana akakiwaza kifaa kile mdomoni mwa kaka yake, abiria wamejaa nyuma.

Akalipa shilingi 900.

Jioni, kaka aliigeuzageuza betri. "Mbona umeniletea hii iliyofifia?"

"Kaka, ile iliyong'aa ilikuwa mbuzi kwenye gunia."

Akamweleza hesabu yote. Akamsihi pia asiitie mfukoni pamoja na funguo na sarafu, kwani chuma kikiunganisha ncha zake mbili, umeme hupita kwa ghafla na kuwasha moto. Ganda likichanika, asiitumie.

Kaka alinyamaza kitambo. "Na chenji yako?"

"Imenitosha nauli."

Anayenunua betri, basi, na asome ampea kabla ya kusoma bei.