Utando wa Kijani Ziwani

Juma hili tulitafakari ziwa letu. Sisi tulioko Kashozi, walikofika wamisionari mwaka 1892, tumezoea kulitazama kutoka juu, likiwa la bluu na tulivu. Anayeteka maji ufukoni hulijua zaidi. Siku ambazo upepo umelala, huweza kukuta utando wa kijani, mzito kama rangi iliyomwagika, wenye harufu ya uozo.

Utando huo si gugu maji. Ni viumbe vidogo mno, sianobakteria, ambavyo vimekuwamo majini tangu kale. Kilichoongezeka ni chakula chao, yaani fosforasi na nitrojeni. Hivyo hushuka na udongo wa mashamba na maji machafu ya miji. Tena sehemu kubwa ya fosforasi hupitia angani, katika vumbi na majivu ya mioto, hadi mvua iiteremshe. Mto Kagera, mkubwa kuliko yote iingiayo ziwani, huleta tope la Rwanda na Burundi pamoja na letu. Basi tunapozilaumu Kampala, Kisumu na Mwanza (na ghuba zao kweli zi taabani), tuikumbuke pia mioto tunayowasha katika rweya wakati wa kiangazi.

Viumbe hivyo vikifa na kuoza, oksijeni hupungua na samaki hukosa pumzi. Hata furu, ambao majike yao huchagua madume kwa rangi, hushindwa kutambuana katika maji yaliyofifia.

Linalotuhangaisha zaidi ni sufuria jikoni. Akina mama huchemsha maji, nao hufanya vyema, kwani vijidudu vya kipindupindu hufa. Lakini sumu ya baadhi ya sianobakteria, ambayo hudhuru ini, haiondolewi na moto. Kuchemsha huweza hata kuvipasua na kuimwaga sumu iliyokuwa ndani yao. Maji ya kijani yasitekwe kabisa, wala mifugo isinyweshwe hapo, wala watoto wasiogelee.

Twafahamu kwamba ni rahisi kuyaandika haya, na ni vigumu kwa bibi mzee ambaye chemchemi iko mbali naye. Hata hivyo Bukoba hupata mvua ya milimita 2,000 hivi kwa mwaka. Tupitapo vijijini twaona mabati mengi yasiyo na mfereji hata mmoja, na chini yake mtoto ameshika ndoo, anaelekea ziwani.