Kadi ya "Tazama": Mageuzi Katika Idara ya Uorodheshaji Maktabani

Mgeni njoo, mwenyeji apone, husema wahenga. Katika maktaba za vyuo vikuu mgeni huyo alikuwa tarakilishi, ila si kila mwenyeji aliyepona. Kwa miongo mingi, kila kitabu kiliandikiwa kadi za mwandishi, anwani na mada, zikapangwa kialfabeti katika droo. Mnamo 2015, shirika la OCLC la Marekani, lililozichapishia maktaba kadi tangu 1971, lilichapa kadi zake za mwisho. Leo baadhi ya vyuo vikuu vya Kenya hutumia Koha, programu isiyolipiwa leseni iliyoanza kutumika New Zealand mwaka wa 2000.

Mkuu wa idara anayekabidhiwa mageuzi ya aina hii huenda akadhani kwamba kazi yake ni kununua mitambo na kuandaa semina. La hasha! Hebu tuutazame utungo wa Mwana Kupona wa 1858. Toleo moja huuita utendi, jingine utenzi. Naye Shaaban Robert, mwanafunzi mmoja humtafuta kwenye S, mwenzake kwenye R. Mkutubi mkongwe alilifahamu hilo, akaandika kadi ya "tazama" ili kumwelekeza msomaji. Tarakilishi isipoelezwa kwamba utendi na utenzi ni mamoja, kitabu kitakuwa rafuni ilhali mtambo unasema hakipo.

Ni bayana basi kwamba ujuzi wa idara haukai katika droo pekee. Mkutubi anayeambiwa kuwa amepitwa na wakati hunyamaza, nao ujuzi wake hunyamaza naye. Kimya chake si inda. Anahofia riziki na heshima yake. Kiongozi mwenye busara humweleza mapema kazi atakayoifanya baada ya mageuzi. Aidha, humketisha na fundi kijana, kadi kwa kadi, kabla ya droo kuondolewa, naye fundi huuliza kila "tazama" iliandikwa kwa nini.

S. R. Ranganathan, mkutubi wa Chuo Kikuu cha Madras nchini India, alichapisha kanuni tano za ukutubi mwaka wa 1931. Ya nne inaagiza muda wa msomaji uokolewe. Ya tano inasema maktaba ni kiumbe kinachokua. Kiumbe hakikui kwa kukatwa mizizi. Anayeongoza mageuzi na awaulize kwanza wanaozijua droo.