Mundu na Ngao

Msomaji mpenzi, usistaajabu nikianza insha hii kwa habari za nyumbani kwetu. Nilizaliwa pwani, upande wa Kilifi, penye minazi mingi na mbu wengi. Mdogo wangu alikuwa mtoto dhaifu, mwenye macho ya manjano, na mara nyingi alilia usiku kucha kwa maumivu ya mifupa. Alifariki akiwa na umri wa miaka sita. Majirani walinong'ona kwamba mama yetu ana kisirani. Wengine walithubutu kutaja uchawi. Mama alinyamaza, akaubeba msiba na masingizio pamoja.

Nilipokuwa mtu mzima nilipimwa damu, nikaambiwa kuwa nina jeni moja ya selimundu. Siku hiyo ndipo nilipofahamu yaliyotupata. Kila mtu hurithi jeni mbili za namna hii, moja kwa baba na moja kwa mama. Akirithi zote mbili zenye kasoro, chembe nyekundu za damu yake hujipinda mfano wa mundu, zikaziba mishipa midogo. Hayo ndiyo maradhi yaliyomwua ndugu yangu. Lakini mwenye jeni moja tu huishi kama watu wengine, tena amepewa ngao: malaria humwingia, ila ni nadra kumzidi hata kumhatarisha.

Labda utauliza: kwa nini jambo lenye madhara namna hii halikutoweka duniani? Jibu lilipatikana katika nchi yetu. Mwaka 1949 Anthony Allison, aliyelelewa Kenya, alipima damu za watu wa sehemu mbalimbali. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, penye malaria nyingi, aliwaona wengi wenye jeni hiyo, mahali pengine zaidi ya 20 katika kila watu 100. Katika nyanda za juu zenye baridi walikuwa wachache mno. Mwaka 1954 alitangaza ushahidi wa ile ngao. Vizazi kwa vizazi, malaria iliwaua watoto wengi wasiokuwa nayo. Waliokuwa nayo walikua, wakazaa, wakairithisha.

Basi damu ileile iliyomwua mdogo wangu ndiyo iliyonilinda mimi. Wazazi wawili wenye jeni moja moja wapatapo mtoto, bahati ya kuugua ni moja katika nne, kila mimba. Hapana uchawi hapo, wala kosa la mama peke yake. Kwa hiyo nakusihi, kijana: pimwa damu yako kabla ya kuoa au kuolewa, na usimhukumu mtu kwa jambo usilolijua.

Nilipomweleza mama habari hizi alikuwa amekwisha zeeka. Alisikiliza hata mwisho, kisha akauliza, "Kumbe na baba yako pia?"

Nikajibu, "Naam, mama. Nusu yake, nusu yako."

Akainamisha kichwa, akalia kwa muda mrefu. Sikumzuia, maana nilijua ni mzigo wa miaka mingi aliokuwa akiutua.